Memphis Minnie Alikuwa Mpiga Solo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wanamuziki wenzangu, wazazi mliokuja na watoto, na ninyi mabinti mnaojifunza ala: nawasalimu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya wanawake na muziki. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, na sipendi hotuba ya kutaja majina tu. Nitamzungumzia mtu mmoja, Mmarekani Mweusi wa Kusini, ambaye wengi wenu mmewahi kusikia kazi yake bila kujua kwamba ni yake.

Jukwaani aliitwa Memphis Minnie. Wazazi wake walimpa jina la Lizzie Douglas, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1897, akafariki tarehe 6 Agosti 1973, na katika maisha yake alirekodi nyimbo zinazokaribia 200. Makala nyingi zinamweka kwenye kundi la waimbaji wa kike wa bluzi (blues), muziki wa Wamarekani Weusi wa Kusini, na hapo ndipo wanapommaliza. Kweli aliimba, tena sauti yake ilikuwa na nguvu na mamlaka. Lakini mimi nimekuja kumdai cheo chake kingine. Minnie alikuwa mpiga gita. Kwa lugha yetu ya bendi, alikuwa mpiga solo, yaani mwenye gita linaloongoza, na wapiga solo wa kiwango chake, wake kwa waume, walikuwa wachache sana katika zama zake.

Hilo lina uzito gani? Santuri za bluzi zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1920, Mamie Smith aliporekodi kwa kampuni ya Okeh. Baada yake wakaja Ma Rainey na Bessie Smith, malkia wawili ambao sina neno baya hata moja juu yao. Walisimama mbele ya jukwaa wamevaa mavazi ya kumetameta, na nyuma yao piano na tarumbeta zikipigwa, mara nyingi, na wanaume. Upande wa pili walikuwepo wanaume wa vijijini, kila mmoja na gita lake, akijiimbia na kujipigia mwenyewe. Kazi ilikuwa imegawanywa hivyo: mwanamke sauti, mwanamume ala. Wala msidhani mgawanyo huo ni wa Marekani peke yake. Nendeni ukumbi wowote wa dansi hapa kwetu, hesabuni wanawake walioshika kipaza sauti, kisha hesabuni waliovaa gita begani. Minnie aliingia katikati ya mgawanyo huo, akashika vyote viwili, na hakuachia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mahali alipozaliwa pana mvutano. Mwenyewe alikuwa akisema ni Algiers, Louisiana, ng'ambo ya mto kutoka New Orleans. Orodha za sensa zinaelekeza Mississippi. Wazazi wake walilima mashamba ya watu: unalima pamba kwenye ardhi ya bwana shamba, mbegu na unga unakopa kwake, msimu ukiisha mnagawana mavuno, na hesabu ikishapigwa mara nyingi wewe ndiye unayebaki na deni. Minnie alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 13. Alipofika miaka 7 hivi, familia ikahamia Walls, kijiji cha Mississippi kilichopo kusini kidogo tu ya jiji la Memphis. Mwaka uliofuata, siku ya Krismasi, akapewa gita. Kabla hajafikisha miaka 12 alikuwa tayari akipiga kwenye sherehe za majirani, na nyumbani wakimwita Kid.

Mwaka 1910, akiwa na miaka 13, alitoroka kwenda Memphis, mtaa wa Beale.

Naona nyuso za baadhi ya wazazi zimekunjamana. Nami simsifu mtoto kwa kutoroka nyumbani. Naomba tu tutazame alichokuwa akikikimbia. Binti Mweusi wa Mississippi wakati ule alikuwa na kazi tatu mbele yake: kulima na kuchuma pamba, kupika jikoni kwa Wazungu, au kuwafulia nguo zao. Zote tatu zilikuwa na ujira mdogo, na zote alikuwa chini ya amri ya mtu mwingine tangu alfajiri. Beale ulikuwa mtaa wa Weusi wenye kumbi, baa, maduka, wacheza kamari, na bendi za mitungi, yaani vikundi ambavyo mtu alitoa besi kwa kupuliza ndani ya mtungi. Pale, mtoto mwenye gita aliweza kusimama kona ya barabara na kurudi na sarafu mfukoni. Fedha zikimwishia, Minnie alirudi shambani kwao. Akishapumzika, aliondoka tena. Aliliona gita kuwa kazi ya nne, na aliishi nayo hivyo, kama kazi.

Miaka iliyofuata alizunguka Kusini akipiga popote palipolipa, hata na maonyesho ya sarakasi. Nataka mzingatie muda huo, kwa sababu vijana wa leo wanataka kurekodi wiki ya pili baada ya kununua gita. Minnie aliingia studio kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 32. Kabla ya hapo alikuwa na karibu miaka ishirini ya barabarani, akicheza mbele ya watu ambao wasipopendezwa wanapita zao.

Mwaka 1929 alikuwa akipiga na mumewe, Joe McCoy, mbele ya duka la kinyozi mmoja huko Memphis, wapita njia wakiwatupia sarafu. Mtafuta vipaji wa kampuni ya Columbia akawasikia. Mwezi Juni mwaka huohuo walikuwa New York wakirekodi, na kampuni ikawabatiza Kansas Joe na Memphis Minnie. Mwaka mmoja tu kabla yake, Siti binti Saad alikuwa amesafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kwa shughuli hiyohiyo ya kurekodi. Biashara ya santuri ilikuwa imetanda dunia nzima, ikitafuta sauti popote palipo na watu wa kununua gramafoni. Natamani mtafiti mmoja kati yenu akae awasome wanawake hawa wawili kwa pamoja.

Sasa nije kwenye magita, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Katika santuri hizo za mwanzo kuna magita mawili tu, bila ngoma, bila piano. Joe anashika ridhimu, yaani mapigo yanayoubeba wimbo, na besi. Minnie yuko juu. Mstari wa wimbo ukiisha, gita lake linajibu, na kila mara jibu linakuja na kitu kidogo kipya. Wawili hao hawakanyagani. Mmoja akijaza nafasi, mwenzake anaacha nafasi. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, ambao solo na ridhimu zinasukana usiku kucha, tunaielewa kazi hii bila mkalimani. Na mnaponiuliza nani anaongoza, nawajibu: sikilizeni. Anayeongoza ni mke.

Mwaka 1930 kampuni ya Vocalion ikatoa wimbo wake "Bumble Bee", ukauzika vizuri hata akaurekodi zaidi ya mara moja. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeshaanguka mwishoni mwa 1929, na mauzo ya santuri yakaporomoka vibaya. Wanamuziki wengi wa bluzi waliorekodi miaka ya ishirini hawakuitwa studio tena. Minnie aliendelea kuitwa. Sababu moja ni vidole vyake. Nyingine ni kwamba alijua watu wake wanazungumza nini. Aliimba juu ya ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo, juu ya wanyama wa shambani, juu ya waganga na uchawi, juu ya mapenzi kwa lugha ya mafumbo ambayo watu wa pwani wangeifurahia. Bondia Joe Louis alipoanza kutamba mwaka 1935, Minnie alikuwa na nyimbo juu yake mwaka huohuo. Ma Rainey alipofariki Desemba 1939, Minnie alimwimbia wimbo wa maombolezo mwaka uliofuata.

Wakati huo alikuwa ameshahamia Chicago, kama walivyohamia maelfu kwa maelfu ya Weusi waliokimbia pamba na ubaguzi wa Kusini. Na huko Chicago ndiko kulikotokea kisa kinachosimuliwa kuliko vyote juu yake.

Aliyekisimulia ni Big Bill Broonzy, aliyekuwa miongoni mwa wapiga gita wakubwa kabisa wa jiji lile. Anasema yeye na Minnie walishindanishwa ukumbini. Waamuzi walikuwa wanamuziki, akiwemo Tampa Red na Sleepy John Estes, na zawadi ilikuwa chupa ya whisky na chupa ya gin. Kila mtu alidhani Broonzy atashinda. Minnie akapiga nyimbo mbili, ukumbi ukalipuka, waamuzi wakambeba juu juu, hadi mumewe akaona wivu na kuwaambia wamshushe, anaweza kutembea mwenyewe. Broonzy akanyakua chupa ya whisky, akatimua mbio. Broonzy alipenda kuongeza chumvi, na tarehe za kisa chake hazikai sawasawa. Hata hivyo mimi nakiheshimu, kwa sababu ni nadra mwanamuziki bingwa kukaa chini na kusimulia hadithi ambayo mwenyewe ndiye aliyeshindwa.

Lakini sifa aliyompa ni kwamba alipiga gita kama mwanamume. Wanaume waliomfahamu walirudia maneno ya namna hiyo maisha yake yote, na waandishi wakayachukua. Waliokusudia kumsifu, naamini walimaanisha wema. Mimi nayakataa. Maneno hayo yanachukua kazi ya mikono yake, saa zote zile za mtaa wa Beale, na kuikabidhi kwa wengine. Ukimsikia binti anapiga solo nzuri, taja alichokipiga: taja wakati wake, taja usafi wa nyuzi zake, taja alivyolijibu gita la pili. Hayo ndiyo anayotaka mpiga solo yeyote kusikia.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kusubiri sifa. Alivaa vizuri, na alikuwa na bangili za sarafu za dola za fedha. Alitafuna tumbaku. Johnny Shines, mpiga gita aliyemfahamu, alieleza kwamba mwanamume aliyemchezea Minnie alijibiwa papo hapo, kwa gita, kwa kisu, kwa bastola, kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wake. Siwafundishi kubeba visu. Nataka tu mjue baa za Chicago na barabara za Kusini zilikuwa mahali pa namna gani kwa mwanamke aliyetembea na gita na fedha zake za usiku mzima.

Ndoa yake na Joe McCoy ilivunjika katikati ya miaka ya thelathini, na santuri zao za pamoja zikaishia hapo. Baadaye akaolewa na Ernest Lawlars, aliyejulikana kama Little Son Joe, naye pia mpiga gita. Mtaona mpangilio uleule: mume kwenye ridhimu, mke kwenye solo. Tarehe 21 Mei 1941 wakarekodi "Me and My Chauffeur Blues", yaani bluzi ya mimi na dereva wangu, wimbo wake uliofanikiwa kuliko nyingine zote.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa ninyi mnaosoma historia ya muziki. Minnie alikuwa miongoni mwa wa kwanza katika bluzi kushika gita la chuma la National, ambalo lina sauti kubwa kuliko gita la mbao. Alipofika Chicago na kukuta baa zenye watu mia na kelele za jiji la viwanda, hakung'ang'ania gita kavu. Mwanzoni mwa miaka ya arobaini alikuwa tayari anapiga gita la umeme. Shahidi tunaye, na si shahidi mdogo. Mshairi Langston Hughes aliingia 230 Club mjini Chicago usiku wa kuamkia mwaka 1943, akamkuta Minnie amekaa juu ya jokofu nyuma ya kaunta, anapiga gita la umeme, akisindikizwa na ngoma. Tarehe 9 Januari 1943 Hughes aliandika alichokiona katika gazeti la Weusi, Chicago Defender. Alisema sauti ile ilimkumbusha mitambo ya kuchomelea na viwanda vya chuma. Alieleza jinsi watu walivyopagawa. Kisha akawatazama wenye ukumbi, ambao hawakuwa Weusi, akaona kwamba hawatabasamu wala hawatikisi mguu. Kazi yao ilikuwa kulinda sanduku la fedha.

Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gita maarufu wa bluzi, aliwasili Chicago mwaka 1943, na santuri zake za umeme zilizompa jina zilitoka miaka mitano baadaye. Nampenda Muddy, ninyi mnaonijua mnalifahamu hilo. Ila historia inapoanza kuhesabu bluzi ya umeme ya Chicago kuanzia kwake, inamruka mwanamke aliyekuwa amekaa juu ya jokofu.

Suala la sanduku la fedha halikuwa la 230 Club peke yake. Katika biashara ya santuri wakati ule, mwanamuziki wa bluzi kwa kawaida alilipwa mara moja kwa kila wimbo aliorekodi. Haki za utunzi mara nyingi zilibaki kwa msimamizi wa kurekodi au mchapishaji. Santuri ikiuzwa elfu moja au laki moja, aliyepiga hakuona tofauti. Kwa hiyo Minnie, pamoja na nyimbo zake zote hizo, aliishi kwa kupiga ukumbini usiku hadi usiku. Mikono ikipiga, anakula.

Baada ya vita ladha ya wanunuzi ilibadilika. Alirekodi mara chache katika miaka ya hamsini, kisha yeye na Lawlars, ambaye afya yake ilikuwa mbaya, wakarudi Memphis. Mwaka 1960 Minnie akapata kiharusi. Mwaka 1961 mumewe akafariki. Kikafuata kiharusi kingine. Mpiga solo yule akawa mtu wa kiti cha magurudumu, mara katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, mara kwa dada yake, akiishi kwa malipo madogo ya serikali yasiyotosha. Majarida ya wapenzi wa bluzi yakaandika habari zake, na wasomaji wakamtumia fedha kidogokidogo. Mungu awabariki watu wale.

Katika miaka hiyohiyo, vijana wa roki walikuwa wakizipiga nyimbo zake. Jefferson Airplane waliurekodi wimbo wa dereva mwaka 1966. Na mwaka 1971 bendi ya Waingereza, Led Zeppelin, ikatoa albamu iliyokuja kuuzwa kwa makumi ya mamilioni ya nakala. Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo ni "When the Levee Breaks", na jina la Memphis Minnie liliwekwa miongoni mwa watunzi. Alikuwa hai. Alikuwa Memphis, amekaa kwenye kiti chake.

Wimbo huo una chimbuko lililomgusa yeye na ndugu zake. Mwezi Aprili 1927 Mto Mississippi ulibomoa matuta yaliyojengwa kuuzuia. Maji yalifunika eneo la karibu kilomita za mraba 70,000, na zaidi ya watu 600,000 wakapoteza makazi. Wanaume Weusi walilazimishwa, mbele ya mitutu ya bunduki, kupanga magunia ya mchanga juu ya matuta, na familia zao zikawekwa kwenye kambi walizozuiwa kutoka bila kibali. Jamaa za Minnie walikumbuka kwamba wakati huo alikuwa akiishi nao karibu na Walls. Miaka miwili baadaye, katika kikao kilekile cha kwanza cha New York, yeye na Joe wakaurekodi. Joe ndiye aliyeimba. Kwa hiyo wanaohesabu waimbaji peke yao watakwambia huu si wimbo wa Minnie. Nyuzi zinazotembea kutoka mwanzo hadi mwisho ni za Minnie, na bila nyuzi zile wimbo hauna maji.

Alizikwa Walls, Mississippi, katika makaburi ya kanisa la New Hope Baptist. Kaburi lilikaa bila jiwe la maana hadi tarehe 13 Oktoba 1996, miaka 23 baada ya kifo chake. Aliyelipia jiwe ni Bonnie Raitt, mwimbaji na mpiga gita. Watu wa ukoo wa Minnie wapatao thelathini na kitu walihudhuria. Kabla ya hapo, mwaka 1980, alikuwa ameingizwa katika orodha ya kwanza kabisa ya watukufu wa bluzi nchini Marekani, sambamba na akina Muddy Waters na Bessie Smith.

Nimezungumza kutosha, na mpiga gita hasifiwi kwa maneno matupu. Naomba mafundi mitambo watuwekee "When the Levee Breaks" ya Juni 1929, si ya Led Zeppelin. Mtasikia mikwaruzo ya santuri, ivumilieni. Mara ya kwanza msishughulike na maneno. Fuateni gita la juu: angalieni linaingia lini baada ya sauti ya Joe, na linanyamaza lini. Tutaurudia mara ya pili, na mwenye gita alitoe kwenye mkoba ajaribu kufuata. Wapiga ridhimu waje upande huu kwangu. Mabinti wa solo, upande ule. Maswali tutayachukua tukishaupiga.